Nani ameruhusiwa kukata mshahara?



Siku ya mshahara ni siku inayojulikana katika kila nyumba. Tangu asubuhi mama amekwisha kupanga moyoni: hiki ni cha kodi ya nyumba, hiki cha unga, hiki cha shule ya watoto, hiki cha dawa ya nyanya. Watoto nao wanajua, kwa sababu jioni ile pengine kuna samaki mezani. Lakini ziko jioni nyingine ambapo baba anarudi na kukaa kimya. Anaweka faranga juu ya meza, mama anazihesabu mara moja, anazihesabu mara ya pili, halafu anauliza: «Baba, na nyingine ziko wapi?» Baba anajibu: «Wamekata.» Mama anauliza tena: «Wamekata kwa sababu gani?» Na hapo baba hana jibu, kwa maana yeye mwenyewe hakuambiwa.

Neno hilo, «wamekata», ndilo tunalotaka kulichunguza leo. Nani amekata? Kwa ruhusa ya nani? Na mtu aliyekatwa afanye nini? Wengi wetu tunadhani ya kwamba mwajiri, kwa kuwa fedha ni zake, anaweza kuzipunguza apendavyo. Huko ni kukosa. Kabla ya kazi kufanyika fedha ni zake, ndiyo. Lakini kazi ikiisha kufanyika, mshahara si mali yake tena. Ni mali ya mfanyakazi iliyobaki mkononi mwa mwajiri kwa muda kidogo tu, na mwenye kushika mali ya mwingine haruhusiwi kuimega.

Ili tuelewane vema, tuchukue mfano. Tuseme mtu mmoja ni mtunza depo ya saruji katika mji wetu mmojawapo. Amepatana na bwana wa kazi faranga 600,000 kwa mwezi. Tuseme tena kwamba, baada ya kutoa kodi ya serikali na mchango wa CNSS, angepaswa kupokea 510,000. Mwisho wa mwezi karani anampa 300,000 na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Karatasi ya hesabu hakuna. Anapouliza, karani anajibu kwa haraka: «Mifuko ya saruji ilipungua, 120,000. Ulichelewa mara tatu, 50,000. Viatu na kofia ya kazi, 40,000. Nenda.» Jumla ya hizo ni 210,000. Mtu huyu amefanya kazi mwezi mzima, na zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake imebaki mezani pa karani.

Je, katika makato hayo matatu, lipi ni halali? Tuulize sheria.

Sheria inasema nini

Katika Kongo yetu mambo haya yameandikwa katika Kitabu cha Sheria ya Kazi, yaani sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2016. Sheria hiyo haimwachii mwajiri kutunga sababu zake za kukata. Inataja makato yanayoruhusiwa, na yasiyotajwa hayaruhusiwi. Jambo hili la kwanza ni kubwa kuliko yote, na yafaa kila mfanyakazi alishike: si mfanyakazi anayepaswa kuonyesha ya kwamba kato limekatazwa, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha ya kwamba limeruhusiwa.

Yanayoruhusiwa ndiyo haya, kwa maneno mepesi.

La kwanza ni kodi ya serikali juu ya mshahara. Mwajiri anaikata na kuipeleka kwa serikali.

La pili ni mchango wa CNSS, ile Kaisi ya Taifa iliyochukua mahali pa INSS ya zamani. Fungu la mfanyakazi ni 5 kwa 100. Katika mfano wetu wa faranga 600,000, ni 30,000. Mwajiri naye anatoa 13 kwa 100 kutoka mfuko wake mwenyewe. Angalieni vizuri: hizo 13 hazimhusu mfanyakazi. Vilevile mchango wa INPP, yaani ule wa kufundisha watu kazi, unamhusu mwajiri peke yake. Mwajiri anayeukata katika mshahara wa watu wake anawalipisha deni lake mwenyewe.

La tatu ni fedha ambazo mfanyakazi alikwisha kuzipokea kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu akiomba 50,000 katikati ya mwezi kwa ajili ya msiba, si haki alalamike zinapopunguzwa mwishoni. Hapo hakuna aliyenyang'anywa. Alipokea mapema tu.

La nne ni malipo ya kitu cha kazi ambacho mfanyakazi alikabidhiwa, naye akakipoteza au kukiharibu kwa kosa lake. Hapa ndipo penye mabishano mengi, nasi tutarudi hapo.

La tano ni dhamana, pale ambapo mtu anashika fedha au mali ya mwajiri na mkataba umeitaja waziwazi.

La sita ni deni lililoamuliwa na tribunali, au lile ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali litolewe katika mshahara wake. Hata hapo sheria imeweka mpaka ili jamaa ya mdeni isife njaa. Kwa mshahara wa kawaida, yule anayedai hawezi kuchukua zaidi ya fungu moja katika mafungu matano. Mshahara ukiwa mkubwa sana, kwa ile sehemu ya juu anaweza kufika fungu moja katika matatu. Na deni likiwa la chakula cha mke na watoto walioachwa, ni mafungu mawili katika matano. Mnaona basi: hata hakimu hawezi kuuchukua mshahara wote wa mtu. Karani wa depo angewezaje?

Turudi kwa mtunza depo

Tuanze na kuchelewa. Katika orodha ile ya makato, mmeona neno «faini»? Halimo. Mwajiri hana ruhusa ya kumtoza mtu faini katika mshahara. Akiona uvivu au utovu wa adabu, anaweza kumwonya, kumkemea kwa maandishi, na, kama mkataba au kanuni za kampuni zimeandika hivyo, kumsimamisha kazi siku chache kwa kufuata sheria. Kosa likiwa kubwa kabisa, anaweza hata kuvunja mkataba. Lakini kugeuza kila kosa kuwa faranga, hapana.

Kweli, saa ambayo mtu hakuifanya kazi haidai malipo. Basi tuhesabu. Tuseme mtunza depo anafanya siku 26 kwa mwezi, saa 8 kila siku. Ni saa 208. Gawanya 600,000 kwa 208: saa moja inapata karibu faranga 2,885. Alichelewa mara tatu, kila mara nusu saa, jumla saa moja na nusu. Hizo ni faranga kama 4,300. Yeye amekatwa 50,000. Hizo 4,300 ni hesabu. Zile 45,700 zilizobaki ni faini iliyovaa nguo ya hesabu.

Sasa viatu na kofia. Vifaa vya kumkinga mfanyakazi na hatari za kazi ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, wala si mfanyakazi kuvinunua. Mtu anayebeba saruji au kuingia mgodini hapewi kofia kama zawadi wala kama bidhaa ya mkopo. Anapewa kwa kuwa bila hiyo kazi ya bwana haiwezi kufanyika kwa usalama. Basi zile 40,000 zirudishwe zote.

Imebaki mifuko ya saruji. Hapa tusiseme haraka. Mfanyakazi anapaswa kutunza alichokabidhiwa na kukirudisha katika hali njema. Akiuza mfuko kwa siri, ni mwizi, na hakuna sheria itakayomtetea. Akiacha mlango wazi na kwenda kunywa, kosa ni lake. Lakini sheria haimlipishi kitu kilichochakaa kwa sababu ya kutumika kwa kawaida, wala kilichopotea kwa ajali isiyo kosa lake. Mvua ikipita katika bati lililotoboka, naye alikwisha kumwambia bwana habari ya bati hilo, saruji iliyoganda si deni lake. Wezi wakivunja ukuta usiku wakati yeye yuko nyumbani kwake, si deni lake pia.

Basi lazima kuuliza: Je, mifuko ilihesabiwa mbele yake alipoipokea? Je, ilihesabiwa mbele yake ilipoonekana kupungua? Nani mwingine ana ufunguo? Aliitwa kujieleza? Kama hakuna hata moja la hayo lililofanyika, kato hilo halikusimama juu ya kosa lililoonyeshwa. Limesimama juu ya hasira ya bwana. Na ile desturi ya kugawa upungufu wa duka juu ya vichwa vya wafanyakazi wote, mwenye kosa na asiye na kosa, haina haki ndani yake hata kidogo. Hakuna tribunali inayofunga kijiji kizima kwa sababu ya kuku mmoja.

Makato yasiyo na jina

Yako makato mengine ambayo hayaandikwi popote, na kwa hiyo ni mabaya zaidi.

Kuna kato la badilisho la fedha. Watu wengi siku hizi wanapatana mshahara kwa dola na kulipwa kwa faranga. Tuseme mmepatana dola 150. Sokoni dola moja inapata 2,800, lakini bwana anaihesabu 2,500. Kwa kila dola amebaki na faranga 300. Kwa dola 150 amebaki na 45,000. Haonekani kukata kitu, kwa maana amelipa «dola 150». Lakini mama atakapokwenda sokoni, muuza unga hatamwuzia kwa hesabu ya bwana. Dawa ya jambo hili ni kuandika katika mkataba, tangu mwanzo, ni badilisho gani litafuatwa na la siku gani.

Kuna kato la kapita. Kila siku ya mshahara anasimama mlangoni akingoja kile ambacho wenye mji wanakiita madesu ya bana, ili jina lako libaki katika orodha ya mwezi ujao. Mapatano ya mataifa juu ya kulinda mshahara, namba 95 ya mwaka wa 1949, yaliyotungwa na Shirika la Kazi la Ulimwengu, yamekataza waziwazi fedha yoyote inayokatwa katika mshahara ili mtu apate kazi au aishike, iwe inakwenda kwa mwajiri, iwe kwa mjumbe wake, iwe kwa yule anayetafutia wengine kazi. Wale wanaoajiriwa kwa njia ya kampuni ya katikati, kama ilivyo kwa wengi katika migodi ya Katanga, walishike neno hilo.

Kuna pia kato la duka. Bwana ana duka, naye anataka watu wake wachukue bidhaa kwake, wajue bei mwisho wa mwezi. Wazee wa Katanga wanakumbuka posho ya zamani za kambi, wakati chakula kilipimwa na kampuni. Leo sheria inasema kwamba mfanyakazi ana uhuru wa kutumia mshahara wake apendavyo, na mwajiri hana ruhusa ya kuuzuia uhuru huo. Duka la kazini si kosa. Kosa ni kumlazimisha mtu kununua hapo.

Na mwisho kuna kato lililo halali kwa jina na la uongo kwa matendo: ni ule mchango wa CNSS unaokatwa kila mwezi lakini haufikishwi. Mfanyakazi anaona 5 kwa 100 zinaondoka, anajifariji ya kwamba uzee wake umewekewa akiba. Baada ya miaka mingi anakwenda kuuliza pensheni yake, jina lake halimo. Ndugu zangu, msingoje mvi. Ombeni namba yenu ya CNSS mapema, kisha mwende kwenye ofisi yake kuuliza kama michango inafika. Ni safari ya siku moja inayoweza kuokoa chakula cha miaka ya uzee.

Afanye nini aliyekatwa?

Kwanza, asipige kelele na asinyamaze. Kelele zinampa bwana sababu ya kumfukuza; kunyamaza kunampa ruhusa ya kuendelea. Aombe karatasi ya hesabu ya mshahara. Si kuomba hisani: kila mshahara unapolipwa, mwajiri anapaswa kutoa hesabu iliyoandikwa, inayoonyesha kilichostahili na kilichokatwa.

Pili, aandike. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shule la bei ndogo linatosha. Andika siku ulizofanya kazi, saa ulizoingia na kutoka, fedha ulizopokea, fedha zilizokatwa na sababu uliyoambiwa, na majina ya waliokuwapo. Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, hapa mna kazi: kama baba hajui kuandika vizuri, mwandikieni. Hamtapata somo la hesabu lililo bora kuliko hilo.

Wengine watasema: «Lakini mimi sina mkataba wa maandishi.» Si kitu. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuonyesha kwa njia zote kwamba kulikuwa na mapatano ya kazi: kwa mashahidi, kwa karatasi ndogo, kwa ujumbe wa simu. Wengine watasema: «Nimekwisha kutia sahihi.» Hilo pia lisiwakatishe tamaa. Kupokea hesabu bila kubisha siku ile hakumaanishi kwamba mfanyakazi ameacha haki yake ya kudai kilichobaki. Hata hivyo, ni vema zaidi kuandika kando ya sahihi: «Nimepokea kiasi hiki, sikubali makato.»

Tatu, azungumze na mwajiri kwa heshima, na ikiwezekana asiende peke yake. Aende na mjumbe wa sendika, kama yuko mahali pa kazi. Sendika kama UNTC na CSC zina watu waliozoea mambo haya. Mara nyingi kosa ni la karani, na bwana mwenyewe hakujua. Barua fupi yenye hesabu safi inafungua mlango ambao matusi yangeufunga.

Nne, mazungumzo yakishindikana, aende kwa Inspekta wa Kazi wa mahali pake. Hii si hiari tu. Tribunali ya Kazi haipokei shauri la mtu mmoja kabla halijapelekwa kwa inspekta ili ajaribu kuwapatanisha. Inspekta anawaita wote wawili, anawasikiliza, na kuandika matokeo. Wakipatana, imekwisha. Wasipopatana, karatasi hiyo ya inspekta ndiyo ufunguo wa kuingia tribunalini.

Tano, asichelewe. Madai ya mshahara yana umri wake: mwaka mmoja tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Wako wanaosubiri miaka mitatu, wakisema «bwana atakumbuka», halafu wanakuta mlango umefungwa. Bwana aliyesahau kwa miezi kumi na miwili hatakumbuka katika mwezi wa kumi na tatu.

Najua neno ambalo wengi wanalo moyoni: «Nikishitaki, watanifukuza.» Hofu hiyo si ya mzaha. Mwenye watoto sita haichezei kazi yake. Sheria imesema ya kwamba kupeleka mashitaka juu ya mwajiri aliyevunja sheria si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Lakini mimi sitawadanganya kwamba sheria peke yake inamlinda aliye peke yake. Ndiyo maana nasema: msiende mmoja mmoja. Kumi waliokatwa kwa namna moja, na wenye madaftari kumi yanayokubaliana, hawafukuziki kwa urahisi. Na katika parokia nyingi iko Tume ya Haki na Amani. Pelekeni habari zenu huko, mpate shauri na mtu wa kuwasindikiza.

Tukumbuke pia tulikotoka. Dikri ya mwaka wa 1922 ilimruhusu mkoloni kumtia gerezani mfanyakazi mweusi aliyevunja mkataba wake. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walioacha kazi mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza ya mshahara, walijibiwa kwa risasi za askari. Watu hao hawakuwa na milango ya tribunali za kazi ya kugonga. Sisi tunayo milango hiyo, hata kama bawaba zake pengine ni nzito. Mlango usiogongwa unaota kutu.

Neno kwetu sisi wenyewe

Mpaka hapa tumesema juu ya mabwana wakubwa, na wasomaji wengi wametikisa kichwa kwa kukubali. Sasa turudi nyumbani.

Ni nani anayemlipa yule msichana aliyetoka kijijini, anayefua nguo zetu na kubeba mtoto wetu mgongoni? Ni sisi. Ni nani anayemlipa kijana anayelinda lango usiku, au yule anayetulimia shamba la mihogo? Ni sisi, walimu, makarani, wauguzi, wafanya biashara, watu wa benchi za mbele siku ya Dominika. Na sahani inapovunjika, tunasema nini? «Nitakata.» Pasi ikiunguza shati: «Nitakata.» Akienda kumzika baba yake siku tano: «Nitakata.» Mwisho wa mwezi msichana ana faranga zisizotosha nauli ya kurudi kwao. Kisha jioni ileile tunakaa mezani na kulalamika juu ya bwana wetu wa kazini.

Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Sahani iliyoteleza katika maji ya sabuni si wizi; ni ajali, na nyumba yenye watu ni nyumba yenye kuvunja sahani. Chakula anachokula kwetu tusikigeuze kuwa deni baada ya kukila, kama hatukupatana hivyo tangu mwanzo. Naye pia apewe hesabu yake, hata katika daftari dogo, asomewe kama hajui kusoma.

Watoto waliojifunza katekismu wanajua kutaja dhambi zinazolia mbinguni, na ya mwisho katika hizo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Mtume Yakobo katika barua yake anawaambia matajiri habari ya mishahara ya wavunaji waliyoizuia, kwamba yenyewe inapiga kelele. Na Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka wa 1891, aliliweka jambo hilo mbele ya wenye viwanda wa siku zake. Hakuna mmoja kati yao aliyesema kwamba dhambi hiyo ni ya matajiri wakubwa peke yao. Mshahara mdogo uliokatwa na mtu maskini unalia kwa sauti ileile.

Na wajibu? Haki bila wajibu ni gari la gurudumu moja. Mfanyakazi aje kwa saa yake, atunze kitu cha kazi kama chake, asipeleke misumari ya kampuni nyumbani, aseme mapema kinapoharibika. Mtu anayefanya hivyo anapodai mshahara wake, sauti yake haitetemeki.

Tumalize na mtunza depo wetu. Alikuwa na njia mbili jioni ile. Moja ni kurudi na kusema «wamekata», kisha kukaa kimya mwezi huu, na mwezi ujao, mpaka kukatwa kuwe desturi ya nyumba. Nyingine ni kukaa mezani pamoja na mke wake na binti yake anayesoma darasa la sita, kufungua daftari, na kuandika: saruji, 120,000, sikuhesabiwa, kuchelewa, 50,000, inayostahili ni 4,300, viatu na kofia, 40,000, si deni langu. Pale chini binti anapiga mstari na kuandika jumla. Kesho yake baba anaondoka na karatasi ile mfukoni, anapita kwanza kwa mjumbe wa sendika, halafu wote wawili wanakwenda kugonga mlango wa bwana wa kazi.

Na mama, safari hii, akiulizwa na jirani fedha nyingine ziko wapi, ana la kujibu: «Ziko njiani zinakuja. Tumekwisha kuzihesabu.»